Uliza Kwanza Kimo: Miji Mikubwa ya Uholanzi na Ardhi Inayoibeba

Hotuba kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoanza masomo ya maji mjini Delft

Ndugu zangu, karibuni Delft.

Mmeomba mweleweshwe jiografia ya nchi hii na miji yake mikubwa kabla hamjaanza kuzama kwenye hesabu za maji. Orodha yenyewe ni fupi. Amsterdam ina watu zaidi ya 900,000. Rotterdam ina zaidi ya 650,000, Den Haag zaidi ya 550,000, Utrecht zaidi ya 350,000. Baada ya hapo wanafuatana Eindhoven na Groningen, kila mmoja karibu 240,000, kisha Tilburg na Almere. Mtu ataikariri akiwa kwenye treni na kabla hajashuka itakuwa imemtoka kichwani, kwa sababu haimwambii kwa nini mji fulani uko pale ulipo.

Ongezeni safu moja kwenye jedwali hilo, safu ya kimo. Kila mkitajiwa mji, ulizeni uko mita ngapi juu au chini ya usawa wa bahari, umekaa juu ya mchanga, udongo wa mfinyanzi au mboji (mabaki ya mimea ya kinamasi), na maji yake ya mvua yanatokaje. Eindhoven na Tilburg ziko kusini, juu ya mchanga, zaidi ya mita 10 juu ya bahari, na maji yao yanateremka yenyewe. Almere iko kwenye sakafu ya iliyokuwa bahari, mita kadhaa chini, na pampu zikizimwa maji yanaanza kurudi. Kwenye jedwali la idadi ya watu, Tilburg na Almere zinakaribiana sana. Kwenye ardhi hazina undugu kabisa.

Kimo hapa hupimwa kwa kipimo kiitwacho NAP, yaani usawa wa kawaida wa Amsterdam. Sifuri yake inakaribia usawa wa wastani wa Bahari ya Kaskazini, na ndiyo sifuri mtakayoikuta kwenye kila ramani, kila lango la maji na kila mchoro wa msingi wa nyumba. Sehemu ya chini kabisa ya nchi iko karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, mwendo mfupi tu kutoka Rotterdam: mita 6.76 chini ya NAP. Sehemu ya juu kabisa kwa upande wa Ulaya ni Vaalserberg, kule pembe ya kusini mashariki inapokutana na Ubelgiji na Ujerumani, na haizidi mita 323. Mlima wenyewe tungeuita kilima.

Kabla hatujaendelea, turekebishe kosa moja linalorudiwa sana, hata kwenye maandishi ya kitaalamu. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2007 iliandika kwamba 55% ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2010 taasisi ya Uholanzi iliyotoa maelezo hayo ilisahihisha: iliyo chini ya bahari ni 26%. Asilimia 29 nyingine iko juu ya bahari lakini inaweza kufurikwa na mito. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mhandisi, maana adui wa kundi la kwanza anatoka magharibi na wa kundi la pili anatoka mashariki. Kinga zao hazifanani.

Na jina pia tuliweke sawa. Kiswahili kinaiita nchi nzima Uholanzi, kutoka neno Holland, lakini Holland ni mikoa miwili tu kati ya 12: Noord-Holland na Zuid-Holland. Mtu wa Groningen au Limburg hatafurahi akiitwa mtu wa Holland. Wazee wetu nao walikuwa na neno Mdachi, lakini huyo alikuwa Mjerumani. Kwa hiyo mkikuta Wadachi kwenye maandishi ya kale ya pwani, msije mkawaleta huku.

Sasa mito. Rhine inaingia nchini karibu na Lobith, ikitoka Ujerumani, na haiendi mbali kabla ya kugawanyika. Pale Pannerden, takriban theluthi mbili za maji zinafuata tawi la Waal kuelekea Nijmegen na Rotterdam. Sehemu inayobaki inagawanyika tena karibu na Arnhem: Nederrijn inaelekea magharibi, na IJssel inapanda kaskazini hadi ziwa IJsselmeer. Mto Maas unatoka Ufaransa, unapita Ubelgiji na kuingia kwa Maastricht. Mito hii ndiyo iliyoijenga nchi, kwa kumwaga mchanga na tope mlangoni mwa bahari kwa maelfu ya miaka. Ilipofurika iliacha mchanga kando ya mkondo na tope laini mbali zaidi, na ndiyo maana miji ya zamani ya bara, kama Utrecht, imekaa juu ya kingo za mito ya kale. Warumi walijenga ngome yao hapo katika karne ya kwanza. Walichagua pakavu, na kanisa kuu la Dom lenye mnara wa mita 112 liko papo hapo hadi leo.

Magharibi mambo ni mengine. Nyuma ya vilima vya mchanga vya pwani kulikuwa na kinamasi kikubwa cha mboji, mimea iliyokufa ikarundikana majini bila kuoza kwa sababu hewa haikuifikia. Watu walipoingia humo miaka elfu moja hivi iliyopita, walichimba mitaro ili wapate pa kulima. Jina la mji huu mliomo, Delft, linatokana na neno la kuchimba: ni mji wa mfereji uliochimbwa. Amsterdam ni bwawa la mto Amstel, Rotterdam ni bwawa la mto Rotte, Schiedam ni la Schie. Ukisoma ramani ya Holland unasoma orodha ya kazi zilizofanyika.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha jiografia ya nchi hii. Ukikausha mboji, hewa inaingia. Hewa ikiingia, mboji inaoza na kugeuka gesi, na ardhi inashuka. Ikishuka, mtaro wako hauko tena chini ya shamba vya kutosha, kwa hiyo unachimba zaidi. Unakausha tena, inashuka tena. Kwenye malisho ya mboji ardhi bado inashuka, mahali pengine kwa karibu sentimita moja kwa mwaka. Zidisheni kwa miaka mia kadhaa. Msiamini simulizi ya kwamba bahari ilipanda ikawakuta Waholanzi wamelala. Ardhi yenyewe imeteremka mita kadhaa kwa kukaushwa, wakati bahari ikipanda kidogo kidogo.

Zamani maji yalitoka kwa kufungua lango la maji wakati wa kupwa na kulifunga wakati wa kujaa. Ardhi iliposhuka chini ya maji ya kupwa, lango halikufaa tena, ikabidi maji yainuliwe. Kinu cha upepo chenye gurudumu la makasia kinainua maji mita moja na nusu hivi, basi. Palipokuwa na kina zaidi walipanga vinu vitatu au vinne kwa mfuatano, cha kwanza kikitupa maji kwenye beseni la cha pili, hadi juu. Ndivyo ziwa la Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilivyokaushwa mwaka 1612, hekta 7,000 hivi, na mashamba yake ya mraba bado yamenyooka kama yalivyopimwa na watu wa wakati ule.

Shamba la namna hiyo, lililozungukwa na tuta na lenye usawa wake wa maji, huitwa polda. Lazima mlielewe vizuri maana mtaliishi. Anzeni na tone la mvua lililoanguka shambani. Linapita kwenye mabomba ya udongo au plastiki yaliyozikwa, linaingia mtaro mdogo kando ya shamba, kutoka hapo mfereji mkubwa zaidi, hadi kituo cha pampu kwenye kona ya chini ya polda. Pampu inalipandisha kwenye mfereji wa juu uliokaa katikati ya matuta mawili, wenye maji yaliyo juu kuliko mashamba ya pande zote mbili. Mfereji huo ni ghala la muda. Kutoka hapo pampu nyingine au lango la maji linalitoa mtoni au baharini. Mkiwa kwenye baiskeli mkaona mashua inapita juu ya vichwa vya ng'ombe, mnautazama mfereji huo.

Kila polda ina usawa uliotangazwa rasmi, mara nyingi mmoja wa kiangazi na mmoja wa majira ya baridi, na anayeuamua si meya wala waziri. Ni bodi ya maji. Ziko 21, zina uchaguzi wake kila baada ya miaka minne na zinatoza kodi yake zenyewe, kwa hiyo msishangae bahasha ikiwajia nyumbani ikidai kodi ambayo hamkuwahi kuisikia. Ya hapa inaitwa Delfland, imekuwepo tangu karne ya 13, na jumba lake la kale liko mtaa wa Oude Delft. Mkulima anataka maji yawe chini ili trekta lisizame. Mwenye nyumba ya zamani anataka yawe juu, kwa sababu mtakazozisikia tukifika Amsterdam. Mtu wa hifadhi ya ndege naye anataka juu. Usawa unaotangazwa ni suluhu kati yao, na tofauti ya sentimita kumi inaweza kujaza ukumbi watu wa kulalamika.

Upande wa kusini-magharibi wa Amsterdam palikuwa na ziwa Haarlemmermeer. Lilikuwa likila kingo zake kila dhoruba, hata watu wakaliita Mbwa-mwitu wa Maji. Mwezi Novemba 1836 upepo uliyasukuma maji yake hadi milango ya Amsterdam. Mwezi uliofuata upepo wa upande wa pili ukayapeleka Leiden. Hapo uamuzi ukafikiwa. Walichimba mfereji wa kulizunguka wa kilomita 60 hivi, wakaweka vituo vitatu vya injini za mvuke, na kati ya 1849 na 1852 ziwa la hekta 18,000 likawa shamba. Kituo kimoja, Cruquius, kimehifadhiwa, na silinda ya injini yake ina kipenyo cha mita 3.66. Uwanja wa ndege wa Schiphol uko ndani ya ziwa hilo, mita 3 na ushee chini ya bahari. Ndege mliyokuja nayo imetua sakafuni mwa ziwa, na waridi za Naivasha zinazokwenda mnada wa Aalsmeer zinatua hapo hapo.

Tuingie Amsterdam yenyewe. Huu ndio mji mkuu kwa mujibu wa katiba, ingawa bunge, mawaziri na balozi wako Den Haag. Si hata makao makuu ya mkoa wake. Hayo yako Haarlem. Pete ya mifereji maarufu ilianza kuchimbwa 1613, na udongo uliotoka ulitumika kuinua viwanja vya kando. Lakini juu ya mboji na mfinyanzi laini huwezi kuweka nyumba ya matofali ya ghorofa nne. Tabaka la kwanza la mchanga linaloweza kubeba liko kama mita 12 chini. Kwa hiyo walipigilia nguzo za misonobari, mbili mbili kwa jozi, hadi zikafika mchangani. Juu ya kila jozi waliweka gogo la kukingama, juu ya magogo mbao nene, kisha ukuta. Jumba la kifalme kwenye uwanja wa Dam limebebwa na nguzo 13,659. Watoto wa shule huikumbuka namba hiyo kwa siku za mwaka: 365, weka 1 mbele na 9 nyuma.

Angalieni kichwa cha nguzo hiyo kwa karibu, maana hapo ndipo nyumba inaponusurika au kuanguka. Mti ukiwa chini ya maji muda wote, kuvu haiwezi kuula kwa sababu haina hewa. Unaweza kudumu mamia ya miaka. Maji ya ardhini yakishuka, kwa ukame, kwa bomba la maji taka linalovuja na kuyanyonya, au kwa jirani aliyechimba chumba cha chini akayavuta, sentimita 20 tu za kichwa cha nguzo zikiachwa wazi kwa miezi, na hali hiyo ikijirudia mwaka hadi mwaka, kuvu inaanza kazi. Nguzo inaoza juu, ukuta unashuka upande mmoja, mlango hauendi tena kwenye fremu, ufa unapanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya matofali. Kutengeneza ni kuvunja sakafu ya chini, kuingiza nguzo mpya za chuma vipande vipande kwa mashine fupi, na kumimina bamba la zege lililochomekwa kwenye kuta. Ni gharama kubwa kwa familia ya kawaida. Ndiyo maana anayenunua nyumba ya zamani hapa huomba kwanza ripoti ya msingi, ndipo aangalie jiko.

Kuta za mifereji nazo ziko juu ya nguzo za aina hiyo, zilizowekwa kwa ajili ya mikokoteni na sasa zinabeba malori. Tarehe 1 Septemba 2020 ukuta wa Grimburgwal uliporomoka mfereji ukiwa mtulivu kabisa. Maji yalikuwa yamechota mchanga nyuma ya ukuta taratibu, bila anayeona. Mji una takriban kilomita 200 za kuta za kukaguliwa. Na wakati wa kuchimba treni ya chini ya ardhi ya kaskazini-kusini, mwaka 2008, ukuta wa kituo cha Vijzelgracht ulivuja. Maji yakaingia na mchanga, na nyumba za karne ya 17 zilizokuwa jirani zikazama zaidi ya sentimita 10. Reli ilifunguliwa 2018. Mchanga unaobeba Amsterdam ukipata tundu unatiririka kama maji.

Rotterdam haina mji wa kale wa kuulinda kwa namna hiyo. Mabomu ya Wajerumani ya tarehe 14 Mei 1940 yaliuteketeza katikati yake, ukajengwa upya kwa zege na barabara pana. Nguvu yake ni bandari, kubwa kuliko zote Ulaya, inayoenea zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini hadi Maasvlakte, ardhi iliyomwagwa baharini kwa mchanga. Bandari hiyo inategemea Nieuwe Waterweg, mfereji uliofunguliwa 1872 usio na lango la kuzuia meli. Meli zinaingia bila kusubiri, na bahari vilevile.

Mjue basi usiku wa tarehe 31 Januari 1953. Bamvua ilikutana na dhoruba ya kaskazini-magharibi iliyosukuma maji kwenye kona nyembamba ya Bahari ya Kaskazini. Kwenye mji wa pwani wa Vlissingen maji yalifika mita 4.55 juu ya NAP. Watu 1,836 walikufa nchini humu, wengi wao mkoa wa Zeeland na visiwa vya kusini mwa Rotterdam. Matuta mengi hayakubomolewa kwa mbele, na hili mlishike. Upande wa bahari ulikuwa umeimarishwa. Upande wa ndani ulikuwa mwembamba na wima. Maji yalipita juu, yakateremka nyuma, yakaukwangua mteremko wa ndani hadi tuta likaishiwa mgongo. Ndiyo maana matuta ya leo yana mteremko mlalo wa ndani wenye nyasi zilizofungamana, na kondoo huwekwa hapo kwa sababu wanakata nyasi fupi na kuukanyaga udongo ukashikana.

Usiku huo, Nieuwerkerk aan den IJssel, pale pale penye sehemu ya chini kabisa ya nchi, tuta lililokuwa limebaki kati ya mto na sehemu kubwa ya Zuid-Holland lilianza kutoboka. Nahodha Arie Evegroen aliambiwa aipeleke mashua yake, de Twee Gebroeders, kwenye tundu hilo. Aliielekeza kwa ubavu, mkondo ukaibana kwenye tundu kama mlango, watu wakajaza magunia ya mchanga. Tuta lilishika. Nyuma yake kulikuwa na miji mikubwa tuliyoitaja, na hii Delft pia haikuwa mbali.

Kilichofuata ni Mpango wa Delta: kufunga milango ya bahari ili mstari wa ulinzi uwe mfupi. Oosterschelde, mmoja wa milango hiyo kule Zeeland, ilipangwa kuzibwa kabisa, lakini wavuvi wa kome na watu wa mazingira walipinga, na likajengwa zuio lenye milango 62 ya chuma, lililofunguliwa 1986. Siku za kawaida maji hujaa na kupwa. Ikitabiriwa mita 3 juu ya NAP milango inashushwa. Hata hivyo nguzo zake zimepunguza nguvu ya mkondo, na mkondo dhaifu haurudishi mchanga kwenye mafungu ya ndani. Mafungu yanaliwa, ndege wanakosa pa kutafuta chakula, na mchanga unapelekwa kwa meli kuyajaza. Tunapotoa sifa kwa zuio hilo, na linastahili sifa, gharama hii nayo itajwe.

Kwa Nieuwe Waterweg walitengeneza zuio la Maeslant, lililozinduliwa 1997. Ni milango miwili iliyopinda, kila mmoja mita 210 kwa urefu na mita 22 kwa kimo, iliyolala kwenye gudi zake ukingoni. Kompyuta ikitabiri mita 3 mjini Rotterdam, gudi zinajazwa maji, milango inaelea, inasukumwa hadi ikutane katikati ya mfereji wa mita 360, kisha maji yanaachiwa yaingie ndani yake nayo inazama hadi sakafuni. Nguvu yote ya bahari inapokelewa na viungo viwili vya mpira wa chuma vyenye kipenyo cha mita 10, kimoja kila ukingo, mfano wa kiungo cha bega. Tarehe 21 Desemba 2023 mfumo uliifunga milango hiyo wenyewe, bila binadamu kuamua. Lakini zuio haliwezi kukaa limefungwa siku nyingi, maana nyuma yake Rhine na Maas zinaendelea kuleta maji. Maji ya nje yakishuka kuliko ya ndani, milango inainuliwa ili mito ipumue.

Den Haag nitaipitia haraka, ingawa kuna jambo moja msiloliona kwenye ramani. Mji umekaa nusu juu ya mchanga wa pwani na nusu juu ya mboji, na matajiri walijenga kwenye mchanga. Hadi leo wenyeji wanazungumza juu ya watu wa mchanga na watu wa mboji, na hata lafudhi zinatofautiana. Utrecht, kwa upande wake, ilifukia sehemu ya mfereji wake wa kuzunguka mji miaka ya 1970 ikaweka barabara kuu, kisha ikaifukua na kurudisha maji mwaka 2020. Eindhoven imekuzwa na viwanda vya vifaa vya umeme tangu 1891, si na maji.

Groningen ni kisa kingine cha kushuka. Mwaka 1959 gesi iligunduliwa Slochteren, moja ya hazina kubwa duniani. Gesi ikitolewa kwenye mwamba wa mchanga ulio kilomita 3 hivi chini, mwamba unajikaza, na mipasuko ya zamani inaruka. Tetemeko la Huizinge la 16 Agosti 2012 lilikuwa la 3.6 tu, lakini lilikuwa karibu na uso wa ardhi, na nyumba za matofali zisizojengwa kwa matetemeko zikapasuka kwa maelfu. Uchimbaji wa kawaida ulikoma 1 Oktoba 2023.

Almere nimeiacha mwisho kwa sababu mtaipenda kama wahandisi. Baada ya tuta la Afsluitdijk la kilomita 32 kufungwa mwaka 1932, ghuba ya bahari ikawa ziwa la maji baridi, na polda zikaanza kukatwa ndani yake. Noordoostpolder, iliyokauka 1942, iliunganishwa moja kwa moja na nchi kavu ya zamani. Hilo lilikuwa kosa: polda ya chini ilivuta maji ya ardhini kutoka vijiji jirani, ardhi yao ikakauka na kushuka. Polda mbili za Flevoland zilizofuata, za 1957 na 1968, zilitenganishwa na nchi kavu kwa maziwa membamba yanayoshikilia maji ya jirani yasikimbie. Mtayaona kwenye ramani kama utepe wa buluu, na sasa mnajua kazi yake.

Pampu zilipomaliza, kilichobaki kilikuwa tope lisilobeba mtu. Ndege zikapita zikimwaga mbegu za matete. Mizizi ya matete ilinyonya maji, tope likapasuka, hewa ikaingia, udongo ukaanza kuiva. Baadaye matete yalichomwa, mitaro ikachimbwa, serikali yenyewe ikalima miaka michache ya mwanzo kabla ya kuwakabidhi wakulima. Wakazi wa kwanza wa Almere walihamia 1976. Wanaolima wamekuta mabaki ya meli zaidi ya 400.

Msidhani hatari ni maji mengi tu. Tarehe 26 Agosti 2003, kwenye kiangazi kikavu, tuta la mboji la kijiji cha Wilnis liliteleza. Mboji ikikauka inakuwa nyepesi, na maji ya mfereji yakalisukuma kando kama sanduku tupu. Zaidi ya watu elfu moja walihamishwa na hakukuwa na wingu. Tangu hapo, kwenye ukame, wakaguzi hutembea juu ya matuta hayo kwa miguu wakitafuta nyufa, na mengine hunyunyiziwa maji.

Upande wa mito, mwaka 1995 watu 250,000 hivi walihamishwa wakihofia Rhine na Maas. Badala ya kuinua matuta tu, mito ilipewa nafasi. Nijmegen, pale Waal inapobanwa na kona, tuta la upande wa Lent lilirudishwa nyuma mita 350, nyumba kadhaa zikabomolewa, mkondo wa pili ukachimbwa. Mafuriko yakija maji hushuka sentimita 35 hivi.

Hapa Delft kuna mawili ya kutazama kabla ya Jumatatu. Mnara wa Oude Kerk umeinama karibu mita 2 kwa sababu sehemu ya msingi wake imekaa juu ya mfereji uliofukiwa. Na chini ya miguu yenu, kiwanda cha hamira kilivuta maji ya ardhini tangu 1916. Kilipokuwa hakiyahitaji tena, pampu hazikuweza kuzimwa ghafla, kwa kuwa mji ulikuwa umezoea ukavu ule. Zinapunguzwa hatua kwa hatua huku vipimo vikisomwa. Mkishapata anwani, ingieni kwenye tovuti iitwayo Overstroom ik?, wekeni posti kodi, muone maji yanaweza kufika kimo gani kwenye mlango wenu.

Kisha pandeni treni hadi Amsterdam, kwenye jengo la Stopera, ukumbi wa jiji ulioungana na ukumbi wa opera. Kuna mirija mitatu ya kioo iliyojaa maji. Mmoja unaonyesha bahari ilivyo saa hiyo IJmuiden, wa pili Vlissingen, na maji yake yanapanda na kushuka mkitazama. Wa tatu hausogei. Inueni vichwa: maji yake yako mita 4.55, palepale yalipofika mwaka 1953.